Mahindi ya Kuuza na Mahindi ya Kula: Historia ya Mbegu Kawajense

Reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya mahindi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na madini ya risasi ya kuchimba pale Mukwamba, na mwaka 1950 njia ya kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua ikafika kwetu ili madini hayo yashuke Tabora na kuendelea hadi bandari ya Dar es Salaam. Miaka kumi baadaye mgodi ulikuwa umefungwa. Stesheni ikabaki, mabehewa yakabaki, na mji uliokuwa umekusanyika kwa ajili ya mgodi ukabaki na watu wake wa kulishwa. Historia ya mbegu tunazopanda Kawajense naianzia hapo, kwenye njia ya chuma iliyokosa mzigo, kwa sababu mzigo uliokuja kuijaza ndio uliogawa mahindi yetu mafungu mawili: ya kuuza na ya kula.

Nauza pembejeo hapa Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda, na mwenyewe ninalima. Mabwana shamba wengi niliowasikia tangu utotoni husema mkulima huchagua mbegu kwa kuangalia mavuno, na asipochagua ile izaayo sana, basi hajaelimishwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wa hapa wanajua mbegu gani inazaa. Wanachokipima ni nani atanunua, lini, kwa bei gani, na gharama itarudi au haitarudi. Wamekuwa wakipima hivyo kwa vizazi vitatu ninavyovijua.

Bibi yangu alikuwa Mkonongo wa upande wa Uruwira. Shamba lake lilikuwa la mtama na ulezi, na mihogo pembeni kwa ajili ya mwaka mbaya. Mahindi aliyapanda karibu na nyumba, mahali palipomwagwa majivu na taka za jikoni, machache tu, ya kuchoma na kuchemsha mwezi wa pili wakati chakula cha mwaka jana kimepungua na mtama bado haujakomaa. Punje zilikuwa nyeupe, njano, nyekundu na zambarau kwenye hindi moja. Rangi haikumsumbua mtu, maana hakuna aliyeyanunua.

Weupe tunaoupenda leo, mpaka tunaona ugali usio mweupe si ugali, ulikuja na soko. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wakubwa wa Afrika Kusini, na baadaye walowezi wa Kenya, walikuwa wakipeleka mahindi Uingereza, na viwanda vya wanga vya huko vilitaka punje nyeupe tupu. Mahindi ya rangi mchanganyiko yalishushwa daraja na bei. Walowezi wakahamia meupe, mbegu zao zikatoka mashambani mwao mikononi mwa vibarua na wafanyabiashara, zikasambaa. Matakwa ya kiwanda cha ng'ambo yakageuka kuwa ladha ya watu wa Afrika Mashariki, na yakashika mizizi kiasi kwamba unga wa njano uliokuja kutoka Marekani miaka ya shida, ule watu waliouita yanga, ulilika kwa sababu ya njaa tu. Wazee wa hapa bado wanauongelea kwa kukunja uso.

Lakini kuhama kwenye mtama na kwenda kwenye mahindi kwa shamba zima, hilo kwetu lilitokea baada ya 1974. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame mbaya, Serikali imetumia fedha nyingi za kigeni kuagiza nafaka, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilikuwa ikihubiriwa kila mahali. Msimu wa 1974/75 ikaja bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Gunia la Mpanda likalipwa sawa na gunia la Morogoro lililo karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kulisafirisha ikabebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Mwaka huohuo wa 1974 mkoa wa Rukwa ulianzishwa, na Mpanda ikawa ndani yake. Mkulima wa mbali, ambaye hapo kabla bei yake ilikuwa inaliwa na umbali, ghafla hakuadhibiwa tena kwa kuzaliwa mbali. Ndiyo maana Rukwa, mkoa wa pembezoni kabisa, ukaingia kwenye ile mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Wachumi waliandika baadaye kwamba bei ile ilikuwa ghali mno kwa Serikali, na hesabu zao sizibishi. Ninachosema ni kwamba bei ile ndiyo iliyoingiza mbegu mpya kwenye mashamba yetu kuliko kipeperushi au shamba darasa lolote. Ilitangazwa kabla ya kupanda. Mama yangu aliweza kukaa na hesabu yake Oktoba akijua gunia litalipwa kiasi gani Julai. Kwa hesabu hiyo akaamua kununua mbegu.

Mbegu zenyewe zilikuwa na safari ndefu. Kule Kitale, Kenya, mtafiti Michael Harrison alizalisha chotara ya mbegu ya walowezi wa nyanda zile na mahindi kutoka Ekwado, na mwaka 1964 ikatoka H611. Ndugu zake waliofuata, H614 mmojawapo, walivuka mpaka wakaingia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na baadaye tukapata H6302. Kampuni ya umma ya mbegu, TANSEED, ilikuwa imeundwa mwaka 1973 kuzizalisha na kuzisambaza. Hayo ni mahindi marefu yanayokaa shambani miezi mitano na zaidi, yanayopenda ubaridi. Ufipa juu yalistawi sana. Mpanda iko chini zaidi, ina joto, na mvua ikikatika mapema mwezi wa tatu, yanabaki na mahindi yasiyojaza hadi ncha. Iliyotufaa zaidi ni Ukiriguru Composite A, iliyotoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru kule Mwanza kwa ajili ya maeneo ya mwinuko wa kati, na haikuwa chotara: ukiichagua vizuri unaweza kupanda mbegu yako mwenyewe mwaka unaofuata bila mavuno kuporomoka. Hata hivyo wapo waliong'ang'ania H614 hapahapa bondeni, kwa sababu gari la mbegu lilipoteremka kutoka Sumbawanga ndiyo lililokuwa nayo.

Hapo ndipo mama akaanza kulima mashamba mawili. La mbali, kubwa, lilikuwa la mbegu ya dukani, na mahindi yake yalienda kwenye ghala la kununulia. La karibu lilikuwa la mbegu ya kienyeji, yetu ya kula. Nilikuwa mdogo, lakini kazi ya kuchagua mbegu ile naikumbuka kwa mikono yangu. Baada ya mavuno mama aliyamwaga mahindi uani, akatafuta yale ambayo ganda limefunika mpaka kupita ncha, limebana. Hindi lenye ncha wazi hakulitazama mara ya pili hata lingekuwa nene vipi. Aliyafunga mafungumafungu kwa maganda yenyewe, akayaning'iniza darini juu ya mafiga, moshi ukayapiga hadi yakawa meusi. Novemba akayashusha, akapukuchua punje za katikati tu. Za kichwani na za kitakoni zikaenda kwenye sufuria.

Nilimuuliza kwa nini tusipande yote ya dukani, maana ndiyo yaliyozaa zaidi. Akanionyesha kinu. "Mwanangu, twanga haya, kisha twanga yale." Mahindi ya kienyeji yana punje ngumu, ya kung'aa. Ukiyakoboa kwa mchi, ganda linatoka na punje inabaki. Yale ya dukani yalikuwa laini, yenye shimo kichwani. Kwenye kinu yanavunjika, na unapopepeta, sehemu kubwa inaondoka na pumba. Debe moja la kienyeji lilitoa unga zaidi ya debe moja la dukani, na kwa kazi ndogo zaidi. Gunia lililopimwa ghalani halikuonyesha tofauti hiyo. Tofauti ilionekana kwenye mikono ya wanawake, na mikono ya wanawake haikuwa kwenye hesabu za ghala.

Malawi walilipata somo hilo. Kwa miaka mingi wakulima wadogo wa kule walikataa chotara, wakaitwa wagumu wa kubadilika, mpaka watafiti wao walipokaa na wanawake wakaelewa suala la kinu. Mwaka 1990 wakatoa MH17 na MH18, chotara zenye punje ngumu kiasi, na watu wakazipokea haraka. Laiti sisi tungeulizwa mapema hivyo. Kwetu jibu lililetwa na mashine ya kusaga. Mashine za dizeli, na baadaye za umeme, zilipoenea mitaani, ulaini wa punje ukaacha kuwa hasara. Ila mashine inataka fedha taslimu kwa kila debe, na fedha hiyo inatoka kwenye mahindi yaliyouzwa. Kwa hiyo hata shamba la kula likaanza kudai sehemu ya shamba la kuuza.

Kitu cha pili kilichoilinda mbegu ya kienyeji kilikuwa mdudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jirani zetu wa Tabora waligundulika kuwa na dumuzi, mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati ambaye hakuwahi kuonekana Afrika. Watu wakamwita Scania, na jina hilo bado ndilo watakalokuambia dukani kwangu wakija kuomba dawa. Alikuwa anageuza kihenge cha mahindi kuwa vumbi ndani ya miezi michache, na chotara yenye punje laini na ganda fupi ndiyo iliyokwisha kwanza. Kihenge cha mama cha mahindi ya kienyeji nacho kililiwa, lakini taratibu. Hesabu ya mbegu ikawa hii: ya dukani unaiuza mara tu ukivuna, kwa bei yoyote iliyopo, kwa kuwa haihifadhiki. Ya kienyeji unaweza kuingoja mpaka Januari bei inapopanda. Mbegu izaayo kidogo ilikuwa inampa mkulima muda, na muda una bei yake sokoni. Baadaye ikaja dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi yaliyopukuchuliwa, na miaka hii mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Kila mfuko ninaouza unaipunguzia mbegu ya kienyeji sababu moja ya kuwepo.

NMC ilielemewa. Madeni yalikuwa makubwa, malori hayatoshi, na katika mikoa ya mbali mahindi yalikaa nje yakinyeshewa. Mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza biashara ya nafaka ya watu binafsi, ambao mwaka mmoja tu nyuma walikuwa wakisakwa kama walanguzi, na mwishoni mwa muongo bei moja ya nchi nzima ikawa imekwisha. Kisha kati ya 1990 na 1994 ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaondolewa kabisa. Kwa mkulima wa Mpanda vyote viwili viligonga pamoja: mbolea ilipanda kwa sababu imesafiri mbali, na mahindi yalishuka kwa sababu yanasafiri mbali. Chotara bila mbolea haina maana ya kununuliwa. Watu walirudi kwenye mbegu za kujichagulia, au wakapanda punje walizovuna kwenye chotara ya mwaka jana, ambayo kila mtu alijua ingezaa pungufu. Kituo cha utafiti kilisema ni makosa ya kilimo. Kwa mtu ambaye hana uhakika wa mnunuzi, kutotoa fedha mfukoni ni uamuzi wa akili kabisa.

Miaka hiyo ndiyo iliyozipa nafasi mbegu ambazo si chotara: Staha na Kilima zilizotolewa mwaka 1983, na TMV-1 ya 1987 inayostahimili ugonjwa wa milia. Ukinunua mara moja unaweza kuirudia misimu miwili mitatu. Makampuni binafsi ya mbegu yalipoingia, hayakuwa na hamu nazo sana, na sababu iko wazi: mteja asiyerudi kila mwaka si mteja mzuri. Naisema hii nikiwa na duka. Pakiti ya chotara inaniletea faida kila Novemba; TMV-1 hainiletei.

Tumbaku nayo imechagua mahindi yetu, ingawa haipandwi kwenye ekari nyingi za Kawajense yenyewe. Ukitoka mjini kuelekea Katumba, kwenye makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi ambao wengi wao sasa ni raia, na kwenye vijiji vya Mpanda kwa jumla, tumbaku ya mvuke inalimwa kwa mkataba. Mbegu ya tumbaku inachaguliwa na kampuni. Mbolea inakuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Na mwaka unaofuata, matuta yaleyale yaliyobaki na nguvu ya mbolea yanapandwa mahindi. Hao ndio wateja wangu wa chotara wasiotikisika hata bei ya mahindi ikiwa mbaya, kwa kuwa mbolea imeshalipwa na zao jingine. Jirani yao asiye na mkataba, mwenye udongo uleule, anapanda kienyeji. Mtaalamu akipita barabarani ataandika kwamba mmoja ni mkulima wa kisasa na mwingine bado. Tofauti yao ni mkopo.

Mwaka 2008 vocha za pembejeo zilianza, na Rukwa, iliyokuwa bado inatubeba, ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Kaya ilipata vocha za mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, na mbegu bora ya ekari moja, nusu ya gharama Serikali, nusu mkulima. Ekari moja tu. Nilipenda nia yake. Lakini mbegu iliyopandwa misimu ile ilikuwa ile iliyofika, na ilipofika Desemba katikati, mvua imeshakaa mwezi mzima, mbegu ya siku 140 haikuwa na maana tena kwa yeyote. Wengi walitaka za muda mfupi. Mpango ulifika mwisho mwaka 2014, mkoa wetu wa Katavi ukiwa na miaka miwili tangu uzaliwe, na ekari ile moja kwa kaya nyingi ikarudi ilikotoka.

Pigo lililobaki kichwani mwa wateja wangu ni la 2017. Katikati ya mwaka Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na mikoa yenye ziada, Katavi ikiwa mmojawapo, ikabaki na mahindi mikononi. Zuio liliondolewa baadaye, lakini bei ilikuwa imeshaporomoka na uamuzi wa mbegu umeshafanywa. Msimu uliofuata niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: wanaume wenye mashamba makubwa wakiomba mbegu ya mpunga badala ya mahindi.

Mpunga una mgawanyo wake uleule. Kwenye majaruba ya Mwamkulu na Kakese, ambako ndugu zetu Wasukuma walileta ufundi wa kuzuia maji, kuna Supa na kuna SARO 5. SARO ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, fupi, haianguki, inazaa zaidi, na ina harufu kiasi. Supa ni ndefu, inalala kwa upepo, inachelewa, na inanukia. Mnunuzi anayepeleka mchele mijini anaongeza bei kwa harufu hiyo. Mwenye eneo dogo na maji ya uhakika anapanda SARO akitegemea wingi. Mwenye eneo pana asiyenunua mbolea anapanda Supa akitegemea bei ya kilo. Na hapa, tofauti na mahindi, kinachouzwa ndicho watu wanachopenda kula, kwa hiyo kwenye nyumba nyingi SARO ndiyo inayobaki chunguni na Supa inapanda gari.

Kawajense ya leo ni mji. Viwanja vimekula mashamba, na wengi wetu tunakodi ardhi nje, msimu kwa msimu. Aliyekodi hawezi kupanda kwa kungoja. Ameshatoa fedha ya ardhi, ya trekta au ng'ombe, na ya vibarua, kwa hiyo anatafuta mbegu itakayorudisha fedha kabla ya Agosti. Waliobaki na vipande karibu na nyumba wamegundua soko la mahindi mabichi. Hayo yanauzwa kwa idadi, kwa hiyo wanaulizia mbegu inayotoa hindi kubwa, mawili kwa mche, mapema kuanzia Februari. Ugumu wa punje hauna nafasi tena kwenye mazungumzo hayo.

Lami imefika Sumbawanga na Tabora. Bandari ya Karema inatazama Kongo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una vihenge vya chuma hapa Mpanda, na anayepeleka mahindi huko anapimiwa unyevu na kuchomewa gunia kwa bambo ili kuona yaliyovunjika na yaliyooza. Kipimo hicho nacho kinachagua mbegu: mahindi yanayokawia shambani yanafika yakiwa bado na unyevu na kurudishwa, kwa hiyo zile za muda wa kati zinazidi kununuliwa. Ni mnunuzi mzuri kuwa naye. Lakini bei yake mkulima huijua mahindi yakiwa tayari yameshavunwa, Julai au Agosti, ilhali pakiti ya mbegu inalipiwa Oktoba na Novemba. Zamani ile ya 1974, pamoja na mabaya yake yote, ilikuwa na jambo hili moja sahihi, na silioni kuwa gumu kulirudisha: hata bei ya chini kabisa, ya kuanzia tu, itangazwe mvua za msimu hazijaanza. Mwaka ikitangazwa hivyo, mzigo nitakaoagiza wa duka langu utakuwa tofauti, na nitakuwa na cha kumjibu mama anayeshika pakiti ya kilo 2 mkononi, anaigeuza, anasoma nyuma, kisha ananiuliza kama mahindi mwaka huu yatakuwa na bei.